Kampala: ada ya maegesho au tozo ya kuingia mjini?

Barabara ikipanuliwa mjini hujaa tena, kwa hiyo mjadala sasa ni jinsi ya kupunguza safari zenyewe: kwa kulipisha anayeegesha, au kwa kutoza kila gari linaloingia katikati ya mji.

Kwa gharama ya kuanzia, maegesho yanashinda kwa mbali: rangi barabarani, wakaguzi, malipo ya simu, basi. Tozo inataka kamera kila mlango wa mji na rejista sahihi ya namba za magari. Hata hivyo, Singapore ilianza tozo yake mwaka 1975 kwa leseni za karatasi zilizobandikwa kiooni na kukaguliwa kwa macho. Mitambo ilikuja 1998. Kuanza na karatasi si aibu.

Kwenye kupunguza foleni, mambo yanageuka. Gari linalotoka Entebbe Road kwenda Jinja Road hupita makutano ya Clock Tower, katikati ya mji, bila kuegesha, halilipi senti. Bosi mwenye nafasi ya bure chini ya ofisi naye haguswi. Tozo inawanasa wote wawili.

Usimamizi? Mkaguzi anaweza kuhongwa. Kamera haihongwi, lakini haisomi namba iliyojaa matope, na bodaboda hupenya pembeni.

Kulipia barabara si jambo geni: Entebbe Expressway inatoza tangu Januari 2022, ingawa pale njia ya zamani ya bure ipo.

Mji kama Mbale, wenye mitaa michache ya biashara, maegesho yanautosha. Kampala ikichagua tozo, teksi za abiria 14 zisamehewe, la sivyo nauli itapanda siku hiyohiyo.