Baraza la usuluhishi wa ndoa la kata: usikivu mzuri, ulinzi haba

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, na kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam baraza hilo ni la kata. Nilimsindikiza wifi yangu katika mojawapo, upande wa Temeke, ambalo sitalitaja jina.

Katika ugomvi wa fedha, baraza lilifanya kazi ya kupongezwa. Mume alidai kuwa mkewe alikopa kwenye vikoba bila kumshirikisha, na mke akajibu kwamba kodi ya nyumba ilikuwa imeliwa. Mwenyekiti hakumruhusu yeyote kumkatiza mwenzake, na katibu, mama mtu mzima asiye na haraka, aliandika kila kiasi kilichotajwa kwenye kaunta buku, kisha akawasomea na kuwauliza kama ndivyo walivyosema. Hesabu ziliposomwa kwa sauti, sehemu kubwa ya ubishi iliisha papo hapo, na makubaliano kuhusu hela ya matumizi yakatiwa saini.

Kasoro ilijitokeza kipigo kilipotajwa. Mjumbe mmoja aliuliza, "Sasa mama, ulimkosea nini mwenzio hadi akakupiga?" na mwingine akahimiza kwamba hayo wakayamalize nyumbani. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo iliyowapa wajumbe viti vyao kinasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, kwa hiyo swali lile halikustahili kuulizwa kabisa. Isitoshe, wanandoa walihojiwa wakiwa wamekaa benchi moja, na anayepigwa akiketi hivyo hupima kila neno huku akiwaza atakavyopokelewa wakirudi nyumbani. Kumsikiliza kila mmoja faraghani kwa dakika chache hakuhitaji bajeti (chumba cha pili kilikuwa wazi, kimejaa viti vya plastiki), na usuluhishi hauna maana ikiwa upande mmoja unaogopa kukataa.

Kwa hiyo, wanaogombana kuhusu fedha, wakwe au malezi ya watoto waende bila wasiwasi. Aliyepigwa au kutishiwa aanzie Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, apewe fomu ya PF3 na kutibiwa, na baraza lisubiri hadi usalama wake upatikane.

Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Soma majina na tarehe kabla ya kuondoka ofisini, wala usiiweke kabatini kwa muda mrefu, kwa kuwa maombi ya talaka hutakiwa kuambatanishwa na hati iliyotolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufunguliwa.