Mashine Nafuu ya Kukamulia Juisi Nyumbani: Ipimwe kwa Makapi Yake

Mashine ninayoitathmini hapa ni ya daraja la chini kwa bei miongoni mwa vikamulio vya umeme vya nyumbani: ina mota ya wati 500, kasi mbili, mdomo wa kuingizia matunda wenye upana wa sentimita 6.5 hivi, jagi la plastiki, ndoo ndogo ya makapi na chujio la chuma kisichoshika kutu. Mashine za namna hii huuzwa kwa majina mengi ilhali ndani zinakaribiana mno, kwa hiyo nitaieleza kwa utendaji wake, ili msomaji aweze kuipima yoyote iliyo mbele yake. Wengi huikagua juisi kwanza, wakatazama rangi yake na kuionja. Mimi naona kipimo cha haki zaidi ni makapi. Yatwaeni mkononi mara mashine inapozimwa, kisha yaminyeni: yakitoa matone machache na kumeguka, mashine imefanya kazi yake, yakichuruzika, basi sehemu ya matunda mliyonunua imeishia ndooni.

Ili kuelewa kwa nini matokeo hutofautiana kutoka tunda hadi tunda, inafaa kujua kinachotokea chini ya mfuniko. Chini ya chujio kuna kisahani chenye meno madogo makali, nacho huzunguka pamoja na chujio hilo kwa kasi ambayo katika mashine za aina hii kwa kawaida huwa kati ya mizunguko 6,000 na 14,000 kwa dakika. Tunda linaposukumwa chini husagwa na meno hayo, rojo lake likarushwa kwenye kuta za chujio, maji yakapenya matundu na kuelekea kwenye jagi, huku makapi yakipanda kuta hizo zilizoinama kuelekea nje mpaka yakatupwa ndooni. Yote haya hutendeka kwa sekunde chache. Wepesi huo ndio fadhila kubwa ya mashine, na ndio pia asili ya kasoro zake, kwa sababu rojo halikai kwenye chujio muda wa kutosha kutoa maji yote liliyo nayo.

Kwa vitu vigumu, kazi yake inaridhisha. Karoti, matufaha, bitiruti, tango na tangawizi hupita bila kusuasua, na tufaha dogo huingia zima bila kukatwa, jambo linalopunguza muda wa maandalizi kuliko mtu anavyodhani kabla ya kulizoea. Kilo moja ya matufaha yenye kukatika kwa mlio hunipa takriban mililita 600 za juisi. Kilo ya karoti hunipa kati ya mililita 350 na 450, kutegemea ubichi wake. Kiasi hicho cha karoti kinastahili kutazamwa kwa makini. Karoti mbichi ina maji kama asilimia 88 ya uzito wake, kwa hiyo zaidi ya nusu ya maji hayo hubaki kwenye makapi, na ndiyo maana makapi ya karoti hutoka yakiwa na unyevunyevu hata pale mashine inapofanya kazi ipasavyo. Kuyarudisha makapi mdomoni mara ya pili huongeza juisi kidogo, ingawa nyongeza hiyo huja na chembechembe nyingi, nami nimeona hailipi usumbufu wake. Kinacholipa ni kusukuma polepole. Anayekandamiza kisukumio kwa nguvu huona juisi ikija upesi, lakini makapi yake huwa mazito na yenye vipande ambavyo havikusagwa. Anayeliacha tunda lishuke kwa uzani wake na msukumo mdogo hupata makapi makavu zaidi kutoka mashine ileile.

Majani ni habari nyingine. Spinachi na mboga nyingine za majani hurushwa juu ya kuta kabla meno hayajazichana vya kutosha, na mara kadhaa nimekuta majani karibu mazima ndani ya ndoo. Kuyaviringisha kwa kubana na kuyaweka katikati ya vipande vya tufaha au karoti husaidia, kwa kuwa kitu kigumu huyashikilia dhidi ya meno, ila hata hivyo kiasi kinachopatikana ni kidogo. Mtu ambaye shabaha yake ni juisi ya majani kila siku asinunue mashine hii, hata akiambiwa nini na muuzaji.

Matunda laini nayo yana shida ya upande wa pili. Embe lililoiva sana, papai na stroberi hugeuka uji unaoziba matundu ya chujio, na chujio likiziba upande mmoja mzunguko hukosa mizani, mashine ikaanza kutikisika. Kasi ndogo imewekwa kwa ajili ya matunda hayo, na inafaa kuyaingiza kwa zamu na kitu kigumu kinachosafisha kuta. Ndizi na parachichi hazina nafasi hapa kabisa. Hizo ni za blenda. Naitaja blenda kwa sababu swali la kwanza la mnunuzi lapaswa kuwa hili: je, nahitaji mashine mpya, au blenda niliyo nayo na kitambaa cha kuchujia vinatosha? Kwa embe, nanasi na tikiti, naamini vinatosha. Kwa karoti na bitiruti, blenda hudai maji ya kuongeza ndipo isage, na hapo juisi huwa nyepesi. Ni katika mboga hizo za mizizi ambapo kikamulio huonyesha tofauti iliyo wazi.

Machungwa yanaweza kukamuliwa humu baada ya kumenywa, na ule utando mweupe wa ndani hauharibu sana ladha, lakini ganda la nje lina mafuta yenye uchungu na lisiingizwe. Hata hivyo, kwa machungwa na malimau pekee, kikamulio cha mkono cha kugandamiza hufanya kazi safi zaidi na huoshwa kwa mara moja.

Juisi inayotoka ni tamu na safi kwa macho, isipokuwa povu. Mzunguko wa kasi huchanganya hewa nyingi na juisi, na jagi la mashine hii lina kizuizi kinachobakiza povu nyuma wakati wa kumimina; kizuizi hicho kidogo nakisifu kwa dhati. Hewa hiyohiyo huharakisha kubadilika kwa rangi, hasa ya tufaha, ambalo vimeng'enya vyake hukutana na oksijeni na kuigeuza juisi kuwa ya kahawia katika muda mfupi. Maji ya limau yakitiwa mapema huchelewesha mabadiliko hayo. Ushauri wangu ni kunywa papo hapo. Ikilazimu kuhifadhi, ijazwe kwenye chupa hadi shingoni, ifunikwe vizuri, iwekwe kwenye friji na imalizwe ndani ya siku moja.

Wauzaji wa zile mashine za parafujo, zinazosaga kwa mizunguko ipatayo 40 hadi 100 kwa dakika, hupenda kudai kwamba mashine za kasi huipasha juisi moto hadi vitamini zikafa. Dai hilo limetiwa chumvi. Tunda hupita chini ya meno kwa sekunde chache, na juisi hutoka bila joto la kuweza kuharibu vitamini kwa kiwango cha kutisha. Tofauti ya kweli iko kwingine: mashine za parafujo hutoa makapi makavu zaidi, povu dogo, na huyamudu majani. Zinadai pia bei iliyo mara kadhaa ya hii, ukataji wa vipande vidogo na subira. Anayekunywa juisi ya mboga kila siku atairudisha tofauti hiyo ya bei kidogokidogo katika matunda anayookoa. Anayekamua mara mojamoja huenda asiirudishe kamwe.

Sasa usafi, ambao kwa maoni yangu ndio huamua kama mashine itaendelea kutumika au itafichwa kabatini. Vipande vya kuosha ni vitano: kisukumio, mfuniko, chujio, bakuli linalolizunguka na ndoo ya makapi, mbali na jagi. Vinne kati ya hivyo husafishika kwa kumwagiwa maji tu. Chujio ndilo lenye kazi. Likioshwa mara baada ya kukamua, kwa burashi ngumu na maji yanayotiririka kutoka nje kuelekea ndani, huwa safi kwa dakika chache. Likiachwa hadi nyuzi zikauke ndani ya matundu, huhitaji kulowekwa kwa muda mrefu, na yale yaliyoziba hupunguza juisi ya safari inayofuata. Meno ya kisahani ni makali kweli, kwa hiyo vidole visitumike kamwe kuyasugua. Plastiki hushika rangi ya karoti, na sabuni peke yake haiiondoi vizuri kwa sababu rangi hiyo huyeyuka katika mafuta wala si katika maji. Kitambaa chenye matone ya mafuta ya kupikia huifuta, kisha sabuni ikamaliza. Kutandika mfuko mdogo ndani ya ndoo ya makapi kabla ya kuanza huondoa sehemu nzima ya kazi hii.

Kelele zake ni nyingi, sawa na za blenda iliyo kwenye kasi ya juu, na anayekamua alfajiri lazima awafikirie waliolala. Mota haikuundwa kwa kazi mfululizo: mwongozo unataka ipumzishwe baada ya dakika chache, na harufu ya kuungua ni dalili kwamba agizo hilo limepuuzwa. Usalama umezingatiwa, kwani mashine haiwaki mpaka mkono wa kufungia mfuniko ukae mahali pake.

Jambo moja kwenye boksi silikubali, nalo ni maneno ya kwamba juisi husafisha mwili na kuondoa sumu. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Kukamua huacha sehemu kubwa ya nyuzinyuzi kwenye makapi, na sukari ya tunda hubaki kwenye glasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu sukari iliyomo katika juisi ya matunda pamoja na sukari zinazopaswa kubaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni kama gramu 50. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya tufaha peke yake hubeba takriban gramu 25. Juisi ya karoti au tango ina sukari pungufu sana, na hapo ndipo mashine hii inaposaidia: mchanganyiko ambao mboga ndiyo nyingi na tufaha ni la kuonjeshea tu. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda za aina ya warfarin waongee na daktari kabla ya kuzoea juisi ya majani mabichi, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Na kwa kuwa juisi hii haichemshwi, matunda yaoshwe vizuri hata yale yatakayomenywa, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani.

Naipendekeza mashine hii kwa nyumba inayopenda karoti, bitiruti na matufaha, inayokunywa papo hapo na isiyochukia kuosha chujio mara moja. Kabla ya kulipa, omba boksi lifunguliwe. Litazame chujio kwenye mwanga: matundu yawe sawa, na kiungo kati ya wavu na ukingo wake wa plastiki kisiwe na mwanya wala nyufa, kwa kuwa hapo ndipo mashine nafuu huanza kufa. Zungusha kisahani kwa mkono uone kama kinayumba. Kisha muulize muuzaji kama chujio huuzwa peke yake; akijibu kwamba haliuzwi, tafuta nyingine ambayo vipuri vyake vinapatikana, hata kama bei itazidi kidogo.