Unga wa "kuziba utumbo" wa shilingi 48,000: nyota mbili

Mama alikuja kwangu Iringa kutoka Uyole na kopo la unga kwenye mkoba. Kijana wa kibanda kimoja mjini Mbeya alimwambia utumbo wake una matobo, na kwamba unga huu utayaziba yote ndani ya siku 21. Mimi nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita, basi nilikaa na lebo kabla sijamkorogea.

Ladha sina neno. Unachanganyika vizuri na uji wa ulezi na hauachi mabonge.

Ugomvi wangu ni hilo neno "kuziba". Utando wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, zimekaa bega kwa bega kama akina mama wa ndizi siku ya gulio. Upande unaotazama chakula, kila seli imefungwa kwa jirani zake na mkanda wa protini, zikiwemo klaudini na okludini. Klaudini nyingine hubana. Nyingine, kama klaudini-2, hufanya vinjia vya kupitishia sodiamu na maji. Kwa ndani mkanda umeshikizwa kwenye nyuzi za protini nyingine, aktini. Nyuzi zikivutwa, mkanda unalegea. Utumbo mzima, usio na ugonjwa wowote, unapitisha vitu kati ya seli na seli kila saa, ila unachagua. Ukizibwa kama lebo inavyoahidi, sehemu ya maji na chumvi ingekosa njia.

Viambato ni glutamini (kijenzi kimoja cha protini), zinki na ndizi mbichi. Zinki siibezi, mikanda hiyo inaihitaji, na tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anayeharisha apewe zinki siku 10 hadi 14 pamoja na ORS, chumvi ya kukoroga ya kurudisha maji mwilini. Lakini vidonge vyake viko duka la dawa kwa bei ndogo. Na maharage ya Mbeya? Nyuzinyuzi zake zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua na kutoa butireti, aina ya asidi ya mafuta, ambayo huimarisha mikanda hiyo hiyo.

Kilichoniuma ni kingine. Mama alikuwa anameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila siku kwa ajili ya magoti, huo ukiwa mwezi wa nne mfululizo, bila kuandikiwa na daktari. Dawa za kundi hilo hulegeza kizuizi cha utumbo na zinaweza kuuchubua. Wiki nzima alikunywa unga huku anaendelea na vidonge, na tumbo likauma vile vile. Daktari alipomsimamisha vidonge na kumbadilishia dawa ya magoti, haikupita wiki mbili akala ugali na njegere bila kushika tumbo. Unga alikuwa ameshauacha.

Nyota moja ni ya ladha, ya pili ni ya lebo iliyotaja kila kiambato na uzito wake. Ya tatu ningeitoa kwa moyo mmoja kama yule kijana, baada ya shikamoo yake, angemwuliza: mama, unameza dawa gani?