Rais anayeondoka FIA: ampigie mtu debe au auchune?

Jana kijiweni Isevya tumebishana chini ya mwembe mpaka abiria wawili wakapanda bajaji wakatuacha. Ishu ni 2009, Max Mosley anaondoka urais wa FIA, shirikisho la dunia la vilabu vya magari na mbio za magari, akaviandikia vilabu wanachama barua kwamba chaguo lake ni Jean Todt, yule aliyekuwa bosi wa Ferrari, wakati upande wa pili yupo Ari Vatanen, bingwa wa dunia wa rali 1981. Todt akashinda 135 kwa 49.

Kupiga debe wazi kuna uzuri wake, unajua kabisa nani yuko na nani, ila sasa klabu ndogo inayotegemea ofisi hiyohiyo itathubutu kumkatalia bosi? Thubutu!

Kuuchuna mi ndo naupenda zaidi, japo kuna kimya cha uongo. Mwenyekiti wetu wa zamani hapa kijiweni hakutaja jina la mtu hata siku moja, lakini daftari la wapigakura alikaa nalo yeye, kwenye mfuko wa rambo chini ya siti ya pikipiki, na majina matatu yakayeyuka humo. Kwa hiyo anayeondoka anyamaze sawa, na daftari aliachie.