Tyubu Tatu za Gesi ya Kahawia: Mapitio ya Sanduku la Majaribio ya Msawazo wa Kikemia

Nimelitumia sanduku hili la majaribio ya msawazo wa kikemia, yaani hali ambayo mmenyuko wa mbele na wa nyuma huendelea kwa kasi sawa, kwa muhula mzima pamoja na wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Kwa kuwa walimu wenzangu wa kemia wamekuwa wakiniuliza kama linastahili shilingi 140,000 ambazo shule yetu ililipa, ninaeleza hapa tuliyoyaona kwa macho yetu, pamoja na kosa moja la kijitabu ambalo mwalimu asipoliwahi litawafuata wanafunzi hadi chumba cha mtihani.

Ndani yake mna tyubu tatu za kioo zilizojazwa gesi na kuzibwa kabisa, bomba la sindano la kioo la mililita 100, kichupa cha kloridi ya kobalti na kijitabu cha maelekezo. Tyubu ndizo zinazobeba thamani ya sanduku zima. Gesi iliyomo ni mchanganyiko wa aina mbili zinazogeukiana: NO2 (dioksidi ya nitrojeni), ambayo ni ya kahawia, na N2O4 (tetroksidi ya dinitrojeni), ambayo haina rangi. Molekuli moja ya N2O4 ikigawanyika hutoa mbili za NO2, na kugawanyika huko hufyonza joto la takribani kilojuli 57 kwa kila moli. Tuliiweka tyubu moja kwenye maji yenye barafu, ya pili kwenye maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, na ya tatu tukaiacha mezani ili tulinganishe nayo. Ile ya kwenye barafu ilififia hadi ikabaki na umanjano hafifu, na ile ya kwenye maji moto ikakolea kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Tulipozihamisha, rangi nazo zilihama, na tukarudia hivyo mara nne bila gesi yoyote kuongezwa wala kutolewa. Mwanafunzi anayeamini kwamba mmenyuko ukishaisha umeisha hubadili mawazo hapo hapo, jambo ambalo mimi nilishindwa kulifanikisha kwa chaki kwa miaka mingi. Angalizo ni kwamba maji yasichemke, kwa sababu mgandamizo ndani ya kioo kilichozibwa hupanda, na gesi hii ni sumu kwa mapafu.

Bomba la sindano linadai uvumilivu, kwani gesi yake unaitengeneza mwenyewe kwa vipande vya shaba na asidi ya nitriki iliyokolea, ndani ya kabati la kutolea moshi, na shule isiyo na kabati hilo ni heri isijaribu. Kijitabu kinasema tu kwamba ukisukuma pistoni rangi itafifia. Ukitazama kwa ubavuni, unaona jambo lenye maana zaidi: kwanza rangi inakolea ghafla, kwa kuwa molekuli zilezile zimebanwa katika nafasi ndogo, kisha inapungua kidogo, baadhi ya NO2 zikiungana mbilimbili kuwa N2O4 ili idadi ya molekuli ipungue. Hata hivyo, haishuki hadi pale ilipoanzia. Hapo ndipo kanuni aliyoitoa mkemia Mfaransa Le Chatelier mwaka 1884 inapoeleweka sawasawa, kwamba msawazo hupunguza nguvu ya badiliko lakini hauifuti. Anayetaka kuona kufifia peke yake atazame bomba kwa urefu wake, kutokea mwishoni, maana jicho hapo linapitia molekuli zote za NO2 zilizomo, na idadi yake imepungua kweli.

Kloridi ya kobalti ilifanya kazi bila shida: ya waridi ikiwa kwenye maji, ya buluu ukiongeza asidi ya hidrokloriki iliyokolea au ukiipasha moto, na ya waridi tena ukiongeza maji. Vaeni glavu.

Kosa nililolitaja liko kwenye ukurasa wa amonia, gesi inayoundwa kwa nitrojeni na hidrojeni, panapoelezwa kwamba kichocheo cha chuma huongeza kiasi cha amonia kinachopatikana kwenye msawazo. Si kweli. Kichocheo huharakisha mwendo wa mbele na wa nyuma kwa kipimo kilekile, kwa hiyo mchanganyiko hufika mapema zaidi, lakini hufika palepale. Faida yake ni nyingine. Uundaji wa amonia hutoa joto, takribani kilojuli 92 kwa kila moli mbili, hivyo halijoto ya chini ndiyo inayoipendelea amonia, ila kwenye baridi mmenyuko huwa wa polepole mno. Viwanda, tangu kile cha kwanza cha Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, vimekuwa vikipatanisha mambo hayo mawili: chuma cha kuharakisha, nyuzi 400 hadi 450 hivi, na mgandamizo mkubwa wa kama angahewa 200, huku amonia ikipozwa na kuondolewa, na gesi zilizobaki zikirudishwa kwenye mzunguko. Niliukata mstari huo kwa kalamu nyekundu katika nakala zetu zote, na namsihi kila atakayenunua afanye vivyo hivyo kabla hajakigawa kijitabu darasani.

Kwa ajili ya tyubu peke yake ningelinunua tena. Ufungaji, hata hivyo, ulinihuzunisha sana: tyubu zilikuja zimeviringishwa gazeti, na moja ilikuwa na ufa mwembamba karibu na ncha, ambao niliuona kwa sababu tu niliishika juu mbele ya dirisha. Tuliipeleka nje, mbali na wanafunzi, tukampigia muuzaji simu siku hiyohiyo. Nyingine ililetwa baada ya wiki mbili, safari hii ikiwa ndani ya sponji.