Rangi ya mlango wa mbele: ninunue ipi Tabora?

Mlango wangu hapa Isevya unatazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linaukalia mpaka litue, na Novemba mvua zikianza, upepo unazileta moja kwa moja ubaoni. Nimeupaka mara tatu, mara mbili nikauharibu. Kwa hiyo mpangilio huu wa rangi, kuanzia ile bora, ni wa mlango wa nje wa mbao. Wa chumbani hauna makuu.

Ya kwanza ni glosi ya mafuta, yaani rangi ya mafuta inayong'aa. Inavumilia jua na mvua, na hukauka taratibu, kwa hiyo alama za brashi hupata muda wa kujilaza zenyewe. Nunua kopo la lita 1. Mlango wa futi 7 kwa 3 una kama mita 2 za mraba kila upande. Ukipaka pande zote mara mbili ni mita 8, na lita moja hufunika 10 au zaidi. Fundi akikutuma galoni, ujue kuna mlango mwingine anaufikiria. Mbao mpya ipake kwanza andakoti, yaani rangi ya kutangulizia chini, la sivyo itainywa glosi yako yote. Rangi ya zamani ikiwa bado imeshika, isugue kwa msasa namba 180 mpaka mng'ao uondoke, basi.

Ya pili, vanishi ya nje. Mlango ukiwa wa mninga au mkurungu, kuufunika kwa rangi mimi naona ni dhambi ndogo. Ila soma kopo: liandikwe ni ya nje, au ya mashua. Vanishi ya ndani hubanduka kama ngozi ya nyoka, maana jua hupenya na kuila mbao iliyo chini yake. Hata ile ya nje utairudia kila baada ya mwaka au miwili, ndiyo maana sikuiweka juu.

Ya tatu ni rangi ya maji ya mbao, tofauti kabisa na ya ukutani. Haina harufu kali na nyeupe yake haigeuki manjano. Tatizo ni kiangazi chetu: inakauka brashi ikiwa bado mkononi, na kila ulipopita panaonekana.

Ya mwisho ni klia ya makabati, ile isiyo na rangi inayokauka upesi. Maseremala wanaipenda kwa sababu ndani ya nusu saa kazi imekwisha. Juani inapasuka. Rangi ya ukuta iliyobaki stoo sijaiweka hata kwenye orodha.

Sasa makosa yangu. Mara ya kwanza nilipaka saa nane mchana, Septemba. Rangi ikashika ngozi juu huku chini bado mbichi, kesho yake malengelenge matupu. Mara ya pili dukani waliniuzia tina kali, yaani kimiminika cha kulainishia rangi, ile ya kupulizia magari. Nikaichanganya na glosi, rangi ya zamani ikajikunja kama uso wa bibi. Glosi ya mafuta inataka tapentaini, tena kidogo.

Hela iliyobaki iweke kwenye brashi nzuri ya inchi 2. Ya bei chee itakuachia nywele kila mahali, na hazitoki rangi ikishakauka.

Anza saa moja asubuhi, uwe umemaliza kabla ya saa nne. Ukiweza, ng'oa mlango kwenye bawaba uulaze kivulini, kisha nyunyizia sakafu maji ili vumbi litulie. Usisahau ukingo wa juu na wa chini. Maji ya mvua huingilia hapo na mbao ikavimba. Subiri mpaka kesho yake ndipo upake mara ya pili. Kama umeupakia palepale fremuni, usiufunge mapema: wangu ulinasa, nikalala mlango wazi na panga chini ya mto.