Picha kwenye mto: karatasi ya kununua na ya kuachia mwenye duka

Msimu wa mahafali ukipita, lalama za mito huanza kunifikia. Picha ya kijana na joho lake imechapishwa kwenye karatasi ya kuhamishia picha, ikabandikwa kwa pasi kwenye foronya, siku ya kwanza inapendeza, halafu mwanga wa dirishani ukiipiga unaona fremu inayong'aa kuizunguka kama njia ya konokono. Msomaji wa Kakamega aliniambia marehemu mjomba wake "amefungwa nailoni". Wauzaji watakusifia rangi na wingi wa karatasi kwenye pakiti, lakini ukingo hawaugusi.

Karatasi ya vitambaa vyeupe hupakwa filamu angavu kutoka pembe hadi pembe, hata pasipo na picha. Usipoikata, filamu hiyo tupu nayo inahamia kitambaani. Pasi ikizidi moto inageuka manjano, na ukianza kufikicha kwa mkono, hapo ndipo inapobanduka kwanza. Kwa hiyo nazipima karatasi kwa ukingo wake, mengine baadaye, nikianza na zile unazobandika mwenyewe nyumbani.

Ya kwanza ni Jet-Pro SofStretch ya Neenah, na sifichi kwamba naipendelea. Inabanduliwa ikiwa bado ya moto, inabaki laini na kitambaa kinavutika bila picha kupasuka ovyo. Ni ya printa ya wino, kwa kitambaa cheupe au cha rangi hafifu. Geuza picha kabla ya kuchapisha, la sivyo jina litasomeka kinyume. Kumbuka printa haina wino mweupe: mvi za babu zitachukua rangi ya marikani uliyonunua soko la Kibuye, hapa Kisumu. Kata karibu kabisa na picha, pembe uzizungushe.

Kwa kitambaa cheusi au kitenge, chukua 3G Jet Opaque, ya Neenah pia. Ina tabaka jeupe, kwa hiyo picha haigeuzwi. Unabandua karatasi ya nyuma, unailaza ikitazama juu, unafunika na karatasi ya silikoni ndipo unapiga pasi isiyo na mvuke, juu ya meza ngumu. Ni nzito kidogo. Kwenye fulana itakutoa jasho, kwenye mto haina neno.

DTF inafuata, yaani picha inayochapishwa kwenye filamu ya plastiki kisha kuhamishiwa kitambaani kwa joto. Gundi yake ya unga hushika penye wino tu, hivyo kwa ukingo inazishinda hizo mbili, ila utaifanyia kwa mwenye mashine, naye akisikia ni mto mmoja anakutazama kama umempotezea asubuhi. Ile ya sablimesheni haina ukingo hata kidogo kwa sababu wino unageuka gesi na kuingia ndani ya uzi, lakini inataka poliesta nyeupe na joto la karibu nyuzi 200. Pamba haishiki.

Pakiti za bei rahisi zisizo na jina: zinatosha mfuko wa shule ya chekechea, basi.

Uliza pia wino wa printa. Wa pigimenti huvumilia maji. Wa rangi inayoyeyuka majini ("dye") unaweza kuchuja hata karatasi ikiwa nzuri. Ukishabandika, ngoja siku nzima kabla ya kufua, geuza ndani nje, maji baridi, usikamue, anika kivulini. Karatasi zilizobaki zifunge kwenye plastiki, maana unyevu wa ziwa huzikunja.

Sasa hawa wauzaji wetu wa Kisumu. Wanafungua pakiti na kuuza karatasi mojamoja, maelezo yanatupwa, na ukijumlisha umelipa zaidi ya bei ya pakiti nzima. Unauliza ni ya wino au ya leza, unajibiwa, "Zote ni moja tu, madam." Si moja! Karatasi ya wino ikiingia kwenye printa ya leza, filamu inayeyuka na kugandia roli la moto, na fundi wa printa hatamtoza muuzaji. Mimi naomba kuona pakiti. Wapo wanaonuna. Mmoja aliitoa chini ya kaunta, tukaisoma pamoja, ilikuwa ya leza.